Mwana wa Ujiji Aliyeketi Kiti cha Meya

Maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, 1924–1964



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za maaskofu, wamisionari na wainjilisti walioileta Injili kwetu Buha. Mara hii tutasoma habari za mtu asiyekuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, tena mhubiri wa dini yake, na katika mahubiri yake alipinga mengi tunayoyaamini sisi. Huenda msomaji atauliza ana kazi gani katika gazeti la parishi. Jibu ni hili: Bwana wetu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, hakumchagua kuhani wala Mlawi awe mfano, bali Msamaria. Aliye tayari kujifunza hachagui mlango wa kuingilia.

Kuna sababu nyingine pia. Vijana wetu wa Kumsenga, na wa Kibondo na Kasulu kwa jumla, huuliza mara kwa mara jinsi mtu wa mkoa wa mbali kama wetu anavyoweza kufika mahali pa kuuongoza mji mkubwa. Wengi hudhani kwamba ni lazima uwe na ndugu aliyetangulia, au fedha, au ukoo wenye jina. Basi na tumtazame mtu mmoja wa mkoa wetu huu wa Kigoma, aliyezaliwa kando ya ziwa, akaondoka bila fedha wala ukoo wa kichifu, akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika kiti cha meya wa Dar es Salaam.

KUZALIWA NA SHULE

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wazee wetu waliujua Ujiji kabla ya kuujua mji wa Kigoma. Ulikuwa soko la watu wa milimani na watu wa ziwani, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani, mahali pa pembe za ndovu na pa huzuni ya watumwa. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Dakta Livingstone mwaka 1871. Kwa ajili ya historia hiyo, watu wa asili nyingi walikaa Ujiji pamoja: Waha, Wajiji, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, Waswahili wa pwani na Waarabu. Mtoto aliyekulia Ujiji alisikia lugha kadhaa kabla ya kung'oka meno ya utoto, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Alipokuwa kijana alipelekwa Tabora, katika shule ya serikali. Shule hiyo ilianzishwa miaka ya 1920 kwa nia ya kuwafundisha hasa watoto wa machifu, ili baadaye waje watawale kwa niaba ya Waingereza. Baadaye ilipokea na watoto wa watu wa kawaida waliokuwa na akili, na ndiyo shule aliyosoma Julius Nyerere. Huko vijana walifundishwa Kiingereza, mahesabu, na desturi ya kuongozwa na kuongoza wenzao.

Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Kwa watu wengi wa Buha reli hiyo ilikuwa njia ya manamba. Baba zetu waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Kazi hiyo ya kuandikisha watu ilizidi baada ya kuundwa kwa ofisi ya SILABU mwaka 1944. Reli ile ile iliyowachukua baba zetu wakiwa namba ilimchukua kijana wa Ujiji akiwa mwanafunzi. Tusijivune wala tusione haya kwa ajili hiyo. Tujue tu kwamba tofauti kati ya mabehewa mawili mara nyingi ilikuwa ni kitabu, na kwamba mzazi anayemtoa mtoto shule leo ili achunge ng'ombe anamchagulia behewa.

ANACHAGUA KAZI

Vijana waliotoka Tabora walikuwa wachache, na serikali iliwahitaji. Wengi wakawa makarani, walimu na wasaidizi wa madaktari, wakapata mshahara wa mwezi na heshima ya kuvaa viatu. Amri Abedi alichagua njia nyingine. Alikuwa amekutana na mafundisho ya Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo ilianzishwa huko Bara Hindi mwaka 1889. Mwaka 1934 mhubiri wake, Sheikh Mubarak Ahmad, alifika Afrika Mashariki, na baadaye Tabora ikawa mojawapo ya vituo vyake. Kijana Amri akajiunga nayo, akajitoa kuwa mhubiri.

Ndugu msomaji, uchaguzi huo haukuwa mwepesi. Waislamu wengi waliwaona Waahmadiyya kuwa watu waliopotoka, wakawapinga vikali. Kwa upande mwingine, Waahmadiyya walishindana kwa hoja na Wakristo, na gazeti lao la Mapenzi ya Mungu lilisomwa na kujibiwa na wengi. Kwa hiyo mtu aliyejiunga nao alijitenga na Waislamu wenzake bila kupata urafiki wa Wakristo. Mtu anayetafuta cheo hachagui kundi dogo lisilopendwa na pande zote mbili. Tuseme wazi kwamba hatukubaliani na mafundisho yake. Lakini tukiri kwamba alianza maisha yake ya utu uzima kwa kufuata lile aliloamini kuwa kweli, si kwa kuhesabu faida. Jambo hilo watu hulitambua, hata wale wasiokubaliana nawe, na hulikumbuka siku wanapotafuta mtu wa kumwamini.

KAZI YA LUGHA

Kazi kubwa aliyoshiriki katika miaka hiyo ilikuwa kutafsiri Kurani kwa Kiswahili chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Tafsiri hiyo ilipigwa chapa Nairobi mwaka 1953. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mtu wa kwanza kutoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili alikuwa kasisi wa Kianglikana, Canon Godfrey Dale wa misheni ya UMCA huko Unguja, na kitabu chake kilitoka mwaka 1923. Tena, mwaka mmoja tu kabla ya tafsiri ya Waahmadiyya, yaani mwaka 1952, ndipo ilipotoka Biblia ya Union Version tunayoisoma kanisani, iliyounganisha Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja. Kwa hiyo katika miaka hiyo Wakristo na Waislamu walikuwa wakifanya kazi moja bila kukaa meza moja: kupima maneno ya Kiswahili, kutafuta lililo sahihi, na kuifanya lugha iweze kubeba mambo mazito.

Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake mwenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Katika sehemu ya kwanza alieleza kanuni za ushairi wa Kiswahili, na katika sehemu ya pili akaweka mashairi aliyoyatunga. Waliosoma shule wanakumbuka kanuni hizo: beti, mishororo, vina vya kati na vya mwisho, na mizani. Katika shairi la kawaida kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu. Mizani ikizidi, shairi limeharibika, na ikipungua, limeharibika vilevile. Mtunzi hawezi kusema kwamba nia yake ilikuwa njema, kwa hiyo ahesabiwe nane ilhali ametunga saba.

Tukitazama nyuma, naona kwamba hapo ndipo alipokuwa akijifunza uongozi bila kujua. Mtu aliyezoea kuhesabu silabi zake ataona ugumu gani kuhesabu fedha za watu? Tena angalieni neno lenyewe. Diwani maana yake ni mkusanyo wa mashairi, na diwani huyo huyo ni mjumbe wa halmashauri anayechaguliwa na kata yake. Wa kwanza hukusanya maneno ya mtunzi yakae mahali pamoja, wa pili hukusanya haja za watu azifikishe mahali pamoja. Wote wawili wakipoteza mizani, kazi yao haisomeki.

Baada ya kitabu hicho alikwenda Pakistan, katika mji wa Rabwah, akasoma elimu ya dini, kisha akarudi nchini. Alikuwa mtu mzima mwenye jina, tayari ameandika kitabu, naye akakubali kuketi tena darasani. Wako kwetu wanaodhani kwamba akishapata cheo cha mwenyekiti hapaswi tena kuuliza neno.

MJI WA DAR ES SALAAM

Ili tuelewe uzito wa kazi aliyopewa, yafaa tuujue mji wenyewe. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikawa na baraza na meya kwa desturi ya Kiingereza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 walipatikana watu 128,742. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, walikuwa wamezidi 270,000. Fikirini maana yake: kila aliyekuwapo alipata mwenzake, na wote walihitaji maji, njia, choo, soko na mahali pa kuzika.

Mji huo ulikuwa umegawanywa kwa rangi tangu enzi ya Wajerumani, na Waingereza wakaendeleza. Wazungu walikaa katika nyumba zenye bustani upande wa bahari. Wahindi walikaa katikati penye maduka. Waafrika walikaa Kariakoo, Ilala na penginepo, katika nyumba za Kiswahili zenye vyumba vya kupangisha. Sehemu moja ilikuwa na lami na taa, na nyingine ilikuwa na vumbi na foleni ya ndoo bombani. Katika baraza nako Waafrika, waliokuwa wengi mjini, walikuwa wachache, na mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Mama muuza maandazi wa Ilala aliyetozwa ushuru hakujua aliutozwa kwa uamuzi gani, wala angefika barazani asingefahamu kinachosemwa.

Chama cha TANU kiliundwa mwaka 1954, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 kilikuwa kimeshinda uchaguzi nchini. Amri Abedi alikuwa mwanachama wake. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, akawa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita hivi.

MEYA HUFANYA NINI?

Watu wengi hudhani meya ni bwana mkubwa wa mji, kama gavana. Sivyo. Katika desturi ile meya alikuwa mwenyekiti wa baraza. Watumishi, yaani mhandisi, mganga wa mji, mweka hazina na makarani, walikuwa chini ya mtendaji mkuu, na wengi wao wakati ule walikuwa Wazungu. Mpango huu haujaachwa kabisa. Kwetu wilayani mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani wenzake, lakini mkurugenzi, aliye mtendaji, huteuliwa na serikali. Mwenyekiti hana ufunguo wa sanduku la fedha. Kilicho mikononi mwake ni mkutano: nani aseme, jambo gani lijadiliwe, uamuzi gani uandikwe, na kama ulioandikwa umetendeka.

Kwa hiyo nguvu ya meya ilikuwa katika kuwasikiliza watu na kuwafanya wasikilizane. Nayo ilikuwa kazi ngumu. Mbele yake walikaa watu wa rangi tatu na dini nyingi, katika mwaka ambao kila mmoja alijua kwamba utawala unabadilika. Waliokuwa na mali waliogopa kunyang'anywa, na waliokuwa hawana walitaka vyote vipatikane kesho. Mwenyekiti ambaye angetumia kiti kulipiza kisasi angepigiwa makofi Kariakoo, lakini makaro yangebaki yamejaa, kwa kuwa waliojua ramani ya mabomba walikuwa wale wale ambao angewafukuza.

Jambo ambalo Sheikh Amri anakumbukwa zaidi kwalo katika kazi hiyo ni Kiswahili. Alikuwa mmoja wa waliosimama imara kwamba Kiswahili kitumike katika mazungumzo ya baraza. Leo hatuoni ajabu, lakini wakati ule ilionekana kana kwamba lugha ya soko imeletwa mezani kwa wakubwa. Wengine waliamini kwamba Kiswahili hakina maneno ya kujadili bajeti wala sheria ndogo za mji. Yeye alikuwa na jibu mkononi, kwa sababu alikuwa ameshatumia miaka akitafsiri mambo magumu kuliko hayo. Kile alichojifunza Ujiji, kwamba watu wa asili nyingi hukaa pamoja kwa lugha moja, alikipeleka katika ukumbi wa manispaa.

Na hapa tujiulize swali letu. Mkutano wa kijiji ukisomewa hesabu kwa maneno ambayo bibi wa Kumsenga haelewi, je, amesomewa? Taarifa ya parishi ikisomwa upesi upesi baada ya ibada, watu wakiwa wameshashika miavuli, je, imesomwa? Kuficha fedha ni wizi, lakini kueleza mambo kwa namna isiyoeleweka ni mlango wa wizi. Kiongozi anayependa watu wake huwaeleza mpaka waweze kumuuliza, na wakimuuliza hakasiriki.

KUTOKA MJI HADI TAIFA

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku iliyofuata Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji. Sheikh Amri naye akaitwa katika serikali kuu. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria.

Mwaka huo una maana kubwa kwetu Buha, maana ndio mwaka utawala wa machifu ulipoondolewa na sheria. Wami wetu, akiwamo Mwami Theresa Ntare wa Heru, ambaye alikuwa mwanamke na akaheshimiwa na wengi, walikuwa wakitawala na pia kuhukumu, wakisaidiwa na watwale. Katika mwaka huo wa 1963 ilipitishwa sheria mpya ya mahakama, ambayo iliziondoa mahakama za wenyeji na kuweka mfumo mmoja kwa watu wote, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Tangu hapo aliyekukusanyia kodi si yeye tena aliyekuhukumu. Wako wazee waliosikitika kwa kupotea kwa heshima ya zamani, na masikitiko yao tuyaheshimu. Lakini mtu mnyonge aliyekuwa na kesi dhidi ya ndugu wa mtwale alijua faida ya badiliko hilo.

Katika wizara hiyo pia Sheikh Amri hakuiacha kazi ya lugha. Alitaka maneno ya sheria yapatikane kwa Kiswahili, ili mshitakiwa afahamu anashitakiwa nini na shahidi afahamu anaapa nini. Mwaka 1964, baada ya Tanganyika kuungana na Zanzibar, alipewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Mtu anaweza kuona kwamba njia yake yote ilikuwa ikimwelekeza hapo.

Hakukaa muda mrefu. Aliugua, na mwezi wa Oktoba 1964 akafariki huko Ujerumani ya Magharibi, akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Tangu kitabu chake cha mashairi kitoke mpaka kufa kwake ilikuwa miaka kumi. Leo watu wengi hulisikia jina lake redioni wakati wa mpira, maana uwanja mkubwa wa Arusha uliitwa kwa jina lake. Wengi wanaolitaja jina hilo hawajui kama alikuwa mshairi wala kama alizaliwa mkoani kwetu.

KITI HUPITA

Kiti alichokalia kimepita katika mambo mengi baada yake. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya wilaya yakavunjwa, kisha na ya miji. Miji ikachakaa, usafi ukazorota, na watu wakaona hasara ya kukosa mahali pa kusemea shida zao. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena mwaka 1984. Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa mwaka 1996, jiji likaendeshwa na tume mpaka mwaka 2000, likarudi, kisha likavunjwa tena mwezi Februari 2021, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Basi mnaona. Joho na mkufu wa meya hutolewa na kutwaliwa kwa karatasi moja. Lakini Kiswahili cha barazani hakikuvunjwa na sheria yoyote, na kanuni za mashairi bado zinafundishwa. Yaliyodumu katika maisha ya mtu huyu ni yale aliyowapa watu, na cheo chake hakimo.

MAFUNZO KWETU

Napenda tuyachukue mambo manne kutoka katika maisha haya.

Kwanza, uongozi huanza kabla ya cheo. Amri Abedi hakujifunza kuongoza siku alipovikwa mkufu. Alijifunza katika kazi ya kuhubiri, kutafsiri na kuandika, ambazo hazikuwa na mshahara mkubwa. Kijana anayetaka siku moja kuwa diwani na aanze na kuweka vizuri daftari la kwaya, au hesabu za chama cha ushirika, au mahudhurio ya shule ya Jumapili. Yusufu alitunza nyumba ya Potifa na gereza kabla hajatunza ghala za Misri.

Pili, mtu wa kundi dogo anaweza kuongoza kundi kubwa, ikiwa hawalazimishi watu kuwa kama yeye. Dini yake ilikuwa ya wachache, na kila mtu aliijua. Hakuificha, wala hakuigeuza kuwa kipimo cha nani apewe maji. Hapa kwetu tunapochagua mwenyekiti wa kijiji, tumesikia watu wakihesabu Waanglikana wangapi, Wapentekoste wangapi, Wakatoliki wangapi, Waislamu wangapi, na ukoo upi. Kisima kikiharibika, wote hao huteka maji machafu pamoja. Tumchague anayeweza kukitengeneza, hata kama Jumapili tunapita naye njiani kila mmoja akienda kwake.

Tatu, mwenye kiti ajue mipaka ya kiti. Meya hakuwa mhandisi. Mchungaji si mweka hazina, na mzee wa kanisa si hakimu. Musa alipotaka kuhukumu kila neno peke yake toka asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia. Kiongozi anayeshika kila kitu hatimaye huangusha vingi.

Nne, maisha ni mafupi. Alikufa akiwa na miaka arobaini. Wengi wetu tunasema kwamba tutaanza kutumika watoto wakikua, au nyumba ikikamilika kuezekwa, au kahawa ikipata bei nzuri. Yeye angesubiri hivyo, tusingekuwa na la kuandika.

Ndugu zangu, hatukuandika haya ili tumfanye mtu huyu kuwa wa kwetu kwa imani. Hukumu ya imani ni ya Mungu. Tumeandika kwa sababu alitoka katika mkoa ambao wengi huutaja kama mwisho wa reli, na akaonyesha kwamba mwisho wa reli kwa anayeshuka ni mwanzo wa reli kwa anayepanda. Miongoni mwa watoto wanaokaa mkekani mbele ya kanisa letu Jumapili, pengine yuko mmoja ambaye siku moja atasimamia maji na barabara za watu maelfu. Kazi yetu ni kumfundisha kusoma, kumfundisha kuhesabu kwa uaminifu, na kumzoeza kusema kweli kwa lugha inayoeleweka na bibi yake.

Mungu awajalie viongozi wetu wa vijiji, wa kata na wa wilaya hekima na moyo wa kusikiliza. Atujalie na sisi tunaowachagua moyo wa kuwaombea, na ujasiri wa kuwauliza hesabu. Amina.